Siku Paa Letu Liliponyeshewa Chumvi

Vijana mnaotaka kuezeka makuti, nisikilizeni kabla hamjanunua hata panga. Kazi hii nimeifanya tangu nywele zangu zingali nyeusi mpaka magoti yalipoikataa ngazi. Nimeezeka mabanda ya kuku, nimeezeka misikiti midogo na makanisa ya shambani, na nimeezeka kumbi za hoteli kule Kikambala ambazo ukisimama chini ukatazama juu, kofia inakuangukia kisogoni. Mngedhani basi watu wataniuliza habari za kamba, za mteremko wa paa, za kuti bichi na kuti kavu. Wapi! Kila mtu ana swali moja tu: "Mzee Karisa, makuti si hushika moto?"

Hushika. Sitawaficha. Kuti lililokaa juani msimu mzima wa kaskazi hushika moto upesi kuliko gazeti. Na kwa kuwa leo mmeniuliza tena, nitawaeleza siku moto wa msituni ulipokuja mpaka barazani kwangu, na habari za watu waliousimamisha. Lakini siwezi kufika huko bila kupita kwanza kwa fundi wangu, maana kazi ina mlango wake.

Fundi wangu aliitwa Kahindi. Mtu mwembamba, mkali wa macho, na sifa kwake ilikuwa kunyamaza. Akikagua kazi yako akaondoka bila neno, siku hiyo ulale usingizi mnono. Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na mwenzangu Charo. Charo alikuwa na haraka ya kuwa fundi. Siku moja Kahindi alichelewa kufika, na Charo akaona atamfurahisha. Akapanda juu kabisa, akaanza kufunga makuti kutoka kileleni akiteremka nayo. Ninyi mnajua, au mtajua, kwamba makuti huanza chini, kwenye ukingo wa paa, yakapanda safu kwa safu, ili safu ya juu iifunike ya chini na maji yapate njia ya kuteremkia nje. Kahindi alipofika alisimama, akatazama kwa muda, akasema kwa upole: "Charo, mwanangu, umejenga nyumba ya kutega mvua. Mwenyewe sasa atachota maji kitandani." Charo aliishia kuuza samaki, na akafanikiwa kweli, alhamdulillahi. Si kila mtu ni wa ngazi.

Kwa Kahindi, moto ulikuwa jambo la kila siku. Hakukubali sigara juu ya paa, wala chini ya paa kabla ya makuti kupigwa na mvua ya kwanza. Alitaka uwanja ufagiliwe kuzunguka nyumba, pasibaki hata jani. Na ngazi, alisema, isilazwe kamwe nyuma ya nyumba. Isimame imeegemea ukuta mchana na usiku, maana moto haukusubiri uende ukaazime. Alitufundisha pia kupanda. Paa lina makombamoyo, ile miti minene inayotoka ukutani ikapanda hadi juu, halafu lina fito nyembamba zinazopita juu yake za kufungia makuti. Mguu wako uwe juu ya kombamoyo daima. Fito hubeba kuti, hazibebi mtu. Likumbukeni hilo, kuna mtu mmoja wa zimamoto nitakayewatajia sasa hivi ambaye hakuwahi kuambiwa.

Miaka hiyo ya themanini hoteli zilikuwa zikiota pwani nzima, na kila hoteli ilitaka makuti. Wageni walivuka bahari kuja kulala chini ya paa ambalo sisi wenyewe tulikuwa tukiomba Mungu atujalie tulibadilishe kwa mabati. Sikulalamika. Kazi ilikuwa tele. Mimi nilikuwa naezeka, na wanawake wa kwetu walikuwa wakisuka makuti, wanakaa vikundi vikundi kwenye vivuli vya nyumba zao, mikono inakwenda na midomo inakwenda.

Kwangu kulikuwa ndani kidogo kutoka Gongoni. Unaiacha barabara, na mabwawa ya chumvi unayaacha upande wa bahari, kisha unafuata njia nyembamba katikati ya mikorosho. Nyumba ilikuwa ya udongo na miti ya mikoko, na paa nililiezeka mwenyewe mwaka niliooa. Nyuma ya nyumba wakati huo kulikuwa na lundo kubwa la makuti ya wanawake wale, kazi ya miezi, likisubiri lori la kulipeleka Kilifi. Ndani ya nyumba alikuwamo mama yangu. Aliteleza kisimani akavunjika nyonga, na mganga wa mifupa alikuwa amemfunga kwa vipande vya miti na kuonya kwamba asitikiswe. Basi alilala kitandani, na kutoka kitandani aliiendesha nyumba yote kwa sauti.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa kaskazi, wakati ardhi imekauka mpaka nyoka wanatafuta kivuli cha watu. Moto ulianzia kaskazini kwetu, katika vichaka vilivyo nje ya shamba la zamani la korosho. Nani aliuwasha, sijui. Wengine walisema ni warina asali, wengine wakasema ni mtu aliyekuwa akisafisha shamba akisubiri mvua. Sikumtafuta wakati ule na simtafuti sasa. Tuliona moshi asubuhi, mwembamba, tukasema ni mbali. Jua lilipopanda upepo ukapata nguvu, na moshi ule ukalala chini kama mkeka, ukaanza kuja.

Mama akaniita: "Karisa! Mnachoma nini huko nje?"

"Si sisi mama. Ni msitu."

"Basi acha kusimama," akasema.

Jirani mmoja alirukia baiskeli akakimbilia kwenye kazi ya chumvi, ambako kulikuwa na simu, ili waite zimamoto kutoka Malindi. Sisi tukashika matawi mabichi. Wanaume wa chumvini walituwahi kwa miguu na mabeleshi yao, nyuso zimepakwa vumbi jeupe la kazi, na kwa mara ya kwanza nikaona moto wa msituni uso kwa uso. Sauti yake ndiyo inayotisha. Unanguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo. Mikorosho ina mafuta. Mti mmoja ukishika, majani yote hulipuka kwa pamoja, na cheche hupaa juu zinatafuta pa kutua. Na pa kutua palikuwa kwangu.

Mke wangu Dama alikuwa amewakusanya watoto mlangoni. "Tumtoeje mama?" akaniuliza. Nilikuwa nimekwisha panda ngazi na kuanza kufikiria jambo ambalo hakuna fundi anayependa kulifikiria, nalo ni kuliezua paa lake kwa mikono yake. Nililitazama paa na kuutazama moto, nikajua sitamaliza hata upande mmoja.

Hapo ndipo tuliposikia king'ora.

Gari lilikuja likipasua vichaka, maana ile njia yetu ilikuwa ya watu na baiskeli. Wakashuka watu wachache mno. Nakiri moyo ulianguka. Moto wote ule, na hawa wachache? Mkubwa wao alikuwa Sajini Wanyonyi, mtu wa bara, kutoka upande wa Bungoma. Mfupi, mnene wa mabega, na sauti ndogo kama ya mtu anayesali. Hakupiga kelele. Alizunguka nyumba akitazama juu, akatazama lundo la makuti, akatazama mikorosho, halafu akauliza: "Nani alijenga hii paa?"

"Mimi."

"Basi leo wewe ni mtu wangu. Niambie, moto ukitaka kuingia hapa bila sisi kujua, utaingilia wapi?"

Nikamwonyesha kileleni. Pale juu, ambapo pande mbili za paa hukutana, makuti hupandana mara mbili, na cheche ikipenya chini ya kifuniko kile huatamia kama kuku juu ya mayai. Huoni kitu. Ukija kuona, vifaranga wameshatoka. Akaitikia kwa kichwa, akamwita kijana wa Kitaita aliyeitwa Mwadime. "Wewe na fundi mtakaa juu. Macho hapo hapo."

Kisha akauliza nani yumo ndani. Nilipomwambia, alivua kofia yake ngumu, akainama mlangoni akaingia. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekula?"

"Tutakula tukimaliza, mama."

"Basi fanyeni haraka, msife njaa."

Akatoka amekaza uso. Watoto aliwapandisha kwenye gari. Mama hakuweza kukaa garini na ile nyonga. Ilikuwa lazima abebwe na kitanda chake, watu wanne, kwa njia ile nyembamba ambayo moshi ulikwisha anza kuivuka. Sajini alinieleza wazi, jambo ninalomshukuru mpaka leo. "Nikitoa watu wanne wabebe kitanda, watakwenda polepole na moto utawakuta katikati ya mikorosho. Mahali salama kwake ni ndani, kama tutaishika hii paa. Tukiishindwa, nitambeba mimi mwenyewe. Umekubali?"

Nikamtazama Dama. Dama akasema, "Nitakaa naye." Akachukua leso zote zilizokuwa ndani, akazilowesha, akaingia.

Sasa tazameni kazi ya watu wanaojua kazi. Nilidhani wataumwagia moto maji. Hawakuutazama hata. Waliloweka paa kwanza, pande zote, kutoka kileleni kuteremka, kama mvua inavyopenda. Watu wa chumvini na majirani wakaambiwa wafyeke ukanda mrefu mbele ya nyumba, majani yote yaondolewe, udongo ubaki mtupu. Halafu Sajini akachukua kijinga cha moto, akaenda upande wa pili wa ukanda ule, akawasha nyasi. Jirani yangu mmoja alipiga yowe: "Jamani! Tumeita wa kuzima, wametuletea wa kuwasha!" Watu wakacheka katikati ya hofu ile. Lakini moto ule mdogo wa Sajini, uliochungwa na watu wenye matawi, ulianza kutambaa taratibu kwenda kumlaki mkubwa wake, ukila nyasi njiani. Mkubwa akifika angekuta sahani tupu. Nimeezeka maisha yangu yote nikidhani najua kupanga jambo kabla ya mvua. Pale nilimwona mtu anayepanga jambo mbele ya moto, bila kutetemeka.

Kisha mpira wa maji ukakohoa, ukalegea. Maji yalikwisha.

Kisima chetu kilikuwa kidogo, na wakati ule wa ukame wanawake walichota kwa kata, wakisubiri maji yajikusanye. Gari lisingejaa hata kufika usiku. Sajini akamwendea mwendeshaji pampu. Huyu aliitwa Omari, mwenyeji wa mji wa kale wa Malindi, na alilitunza gari lile kuliko watu wanavyomtunza bibi harusi. Hata siku hiyo, kati ya moshi, nilimwona akilipangusa kioo.

"Omari," Sajini akasema, "mabwawa ya chumvi yako karibu."

Omari akastuka. "Sajini, maji yale ni sumu kwa pampu. Chumvi itaila chuma, wallahi, itaila mpaka mifupa. Na gari ni hili hili moja."

"Najua. Nami nitaulizwa. Lakini wewe ndiye mwenye pampu, sitakulazimisha."

Omari alilitazama gari lake. Akaitazama nyumba yangu, kibanda cha udongo tu, ndugu zangu, hakikuwa hoteli. Akauliza, "Mama bado yumo ndani?"

"Yumo."

Akapanda nyuma ya usukani. "Pampu ina spea," akasema. "Mama hana."

Gari likaondoka na watoto wangu ndani, likielekea baharini, na sisi tukabaki na dua na magunia yaliyoloweshwa.

Muda ule wa kungoja ndio ulikuwa mrefu kuliko kazi zote nilizowahi kufanya. Moto mkubwa ulikutana na moto wa Sajini, ukasimama, ukapanda juu kwa hasira, ukatutemea cheche. Zilikuja kama mchwa wenye mabawa. Mimi na Mwadime tulikuwa juu ya paa tukizipiga kwa magunia, moja huku, moja kule. Cheche nyingi zilitua kwenye lundo la makuti nyuma ya nyumba, nalo likalipuka. Wanawake waliolisuka walikuwa pale pale. Mmoja aliruka kwenda kuokoa alichoweza. Sajini akaita, na hapo kwa mara ya kwanza alipaza sauti: "Wacheni hiyo! Rudini kwa nyumba!" Na wakarudi. Wakaipa mgongo miezi yao ya kazi, wakasimama ukutani kwangu na matawi yao, wakaendelea kupiga. Nimewaona watu mashujaa wenye sare siku ile, na nimewaona mashujaa wenye leso. Sitaki mnisikie nikisifu upande mmoja.

Ni wakati huo Mwadime alipoona cheche imetua upande wa pili, akaruka kuifuata. Hakujua habari ya kombamoyo. Akakanyaga fito. Nikasikia mlio wa kuvunjika, na yule kijana akazama ndani ya paa mpaka kifuani, kichwa na mikono nje, miguu yake yenye mabuti ikining'inia ndani ya nyumba, juu kabisa ya kitanda cha mama.

Nikamsikia mama kutoka ndani, sauti yake kavu kwa moshi: "Karibu, mwanangu. Lakini mlango uko upande huu."

Nilicheka, vijana. Mungu anisamehe, nyumba inataka kuungua, nami nacheka. Dama alinieleza baadaye kwamba hata yeye alianguka chini kwa kicheko huku machozi ya moshi yakimtoka. Lakini Mwadime hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa akichungulia kwenye tundu alilolifanya, na akaganda. "Fundi!" akasema. "Naona nyekundu. Ndani, chini ya kilele. Mkono wako wa kulia!"

Kwa nje hapakuwa na kitu. Ningepita pale mara kumi. Nikavamia kifuniko cha kilele kwa mikono, nikakata kamba nilizozifunga mwenyewe mwaka wa harusi yangu, nikang'oa kuti la kwanza, la pili, na moshi ukatoka kama pumzi ya mgonjwa. Cheche ilikuwa imekwisha kuatamia. Nilipoifunua ilipata hewa, ikawaka. Mwadime, amekwama vile vile, alinitupia gunia lake. Nikalifunika lile waa la moto kwa kifua changu na magunia mawili, alama zake ninazo hapa kifuani mpaka leo, na kila likizima pale linazuka hapa. Magunia yalikuwa yamekauka. Sajini alikuwa amefika mlangoni. Nilimwona akivua kofia, tayari kuingia kumbeba mama yangu kama alivyoahidi.

Kisha mvua ikanipiga mgongoni. Mvua ya chumvi! Sikulisikia hata gari likifika. Omari alikuwa amesimama kwenye pampu, na wenzake walikuwa wameelekeza mpira juu ya kilele, na maji yale mazito yakaingia kwenye macho yangu, kwenye majeraha yangu, na nikapiga kelele kwa uchungu na kwa furaha, sijui kipi kilitangulia. Tukamchomoa Mwadime kwenye tundu lake, nao wakalimwagia paa lile mpaka likaanza kuvuja ndani. Walirudi mabwawani, wakaja tena, wakarudi tena. Moto ulipita pande zote mbili za nyumba, ukateketeza jiko la nje, ukaumeza mkorosho uliokuwa karibu na choo, ukaenda zake kufia kwenye mchanga wa barabarani.

Nyumba ikabaki. Nyeusi upande mmoja, imetoboka kileleni, ina tundu la Mwadime. Lakini imebaki, na mama ndani yake.

Ngoja niwaambie yaliyofuata kabla sijasahau. Paa lilipokauka lilikuwa jeupe, linameta kama limemwagiwa sukari. Mbuzi wa kijiji kizima waligundua. Wiki baada ya wiki walikuja kulamba kuta zangu, na wengine walipanda mpaka kwenye lundo la kuni kuufikia ukingo wa paa. Tukisikia ulimi ukutani alfajiri, mama alikuwa akisema, "Haya, wageni wa kifungua kinywa wamefika." Lile tundu la Mwadime alikataa nilizibe mpaka kijana mwenyewe aje aone. Akaja, amevaa nguo za kiraia, ana haya kama mchumba. Nikampandisha ngazi nikamfundisha makombamoyo, na makuti ya kuziba tukafunga pamoja. Makuti yenyewe yalikuwa ya kwanza kusukwa na wanawake baada ya kupoteza lundo lao. Waliyaleta kwangu kabla ya kufikiria hoteli yoyote.

Nyuma ya kituo chao nami niliwaezekea kibanda cha kupumzikia. Sajini Wanyonyi alilitazama paa lile kwa muda, akauliza kwa ile sauti yake ndogo: "Fundi, watu wa zimamoto tukae chini ya makuti?" Nikamwambia hakuna makuti yaliyo salama kuliko hayo pwani nzima. Huyo ndiye mtu wa pili, baada ya Kahindi, aliyekagua kazi yangu akaondoka bila neno.

Siku hizi mambo yamebadilika. Kuna dawa ya kuchovya makuti yasishike moto haraka, kuna mabomba yanayopitishwa kileleni, na kuna hata makuti ya plastiki ambayo panya wenyewe hawayataki. Jifunzeni yote hayo. Msishikilie ya zamani kwa kuwa ni ya zamani. Dawa, mabomba, yote ni mema. Lakini mkiezeka nyumba ya mtu, jueni na njia ambayo gari la zimamoto litaipitia kuifikia, na mkikutana na watu wale wasalimieni kwa heshima.

Bado sijawaambia jambo ninalolikumbuka kuliko yote.

Moto ulipokwisha, watu walikaa chini popote walipokuwa. Omari hakukaa. Alikuwa amelala chini ya gari lake, akifungua na kufunga, na chumvi ilikwisha anza kuota nyeupe kwenye maungio ya pampu. Nikamwendea, nikamuuliza kuna nini.

"Ikikauka humo ndani, imekwisha," akasema. "Yataka kuoshwa sasa hivi, kwa maji matamu. Mpaka nifike Malindi itakuwa imeshashika."

Dama alikuwa nyuma yangu, uso mweusi kwa masizi. "Maji kiasi gani?" akauliza.

"Mengi, dada. Nimekiona kisima chenu. Siwezi kuwaomba."

Dama aliingia ndani akatoka na mtungi wetu wa maji ya kunywa, yote tuliyokuwa nayo, akamwekea miguuni. Kisha akajifunga leso kiunoni akashika njia ya kisimani. Wanawake wengine wakamtazama, wakainuka. Kila mmoja alikwenda kwake, akarudi na alichokuwa nacho: ndoo, sufuria, dumu, mtungi wa bibi. Hawa ni wale wale ambao kazi yao ya miezi ilikuwa bado inatoa moshi nyuma ya nyumba yangu. Wakapanga mstari kutoka kisimani hadi garini, na kata kwa kata, maji ambayo tungeyanywa yakaingia kwenye pampu.

Omari akawasha. Maji yakatoka upande wa pili. Akakinga kiganja, akaonja, akatema. "Chumvi."

Wakaongeza. Akaonja. "Bado."

Wakaongeza tena. Sajini Wanyonyi mwenyewe sasa alikuwa kwenye mstari akipokea ndoo, ameivua kofia. Omari alikinga kiganja. Akaonja, akafumba macho, akaonja mara ya pili.

"Matamu," akasema. "Matamu, jamani!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata waliokuwa Malindi walivisikia. Gari likaondoka pampu yake ikiwa nzima. Na usiku ule kijiji chote kililala na kiu, watoto kwa wazee, na sikumsikia hata mtu mmoja akilalamika.